Mapigo ya Moyo Uliopumzishwa

Mke wangu hana kovu. Jambo hilo liliwasumbua watu wa kwetu kuliko ugonjwa wenyewe. Walisikia amepelekwa Dar es Salaam kuzibwa tundu la moyo, wakamwombea kanisani Jumapili mbili mfululizo, na aliporudi walikuja kuona alipopasuliwa. Hakukuwa na cha kuona. Juu ya paja la kulia, karibu na kinena, palikuwa na alama ndogo kama ameumwa na siafu, na pale hapaonyeshwi wageni.

"Sasa walipitia wapi?" aliuliza jirani mmoja, mama mwenye sauti ya kuitia ng'ombe.

"Mguuni," mke wangu alimjibu.

"Moyo siku hizi uko mguuni?"

Tulicheka wote, lakini niliona hakuridhika. Nikachukua kipande cha mkaa na kumchorea sakafuni. Moyo una vyumba viwili juu na viwili chini. Mke wangu alizaliwa na tundu kwenye ukuta unaotenganisha vile viwili vya juu. Maisha yake yote damu ilikuwa ikivuja kutoka upande wa kushoto kwenda wa kulia, na chumba cha kulia kikawa kinatanuka kidogo kidogo. Sisi tuliita pumu. Baadaye tukaita unene. Daktari aliingiza mrija mwembamba kwenye mshipa wa paja, akaupandisha mpaka moyoni, na humo akafungua kifuniko cha nyaya laini chenye visahani viwili, kimoja upande huu wa ukuta na kingine upande ule, vikalibana tundu katikati.

"Kama kifungo cha shati," mama yule alisema.

"Kama kifungo cha shati."

Nilifurahi kueleweka. Mimi ni fundi wa kusuka mota, karakana yangu iko Majengo, mjini Moshi, na shule yangu iliishia darasa la saba. Ninayoyajua nimeyasoma mwenyewe, kwenye vitabu vya mitumba, kwenye simu, na kamusi ikiwa pembeni. Mke wangu alipoambiwa ana tundu, nililisoma tundu hilo kama ninavyosoma mchoro wowote. Nilianza na kitu gani kinaingia wapi na kinatokea wapi. Kufikia siku ya safari ya Dar nilikuwa naweza kumuuliza daktari swali akanitazama mara mbili. Nasema haya kwa sababu asiyejua ana pa kujificha, na mimi sikuwa napo.

Katika niliyosoma, hili lilirudiwa kila mahali: baada ya tundu kuzibwa, mapigo ndiyo ya kuangaliwa. Chumba kilichotanuliwa kwa miaka mingi hakirudi umbo lake kwa wiki chache, na kuta zake zimekwisha kuwa na wasiwasi. Kifuniko chenyewe kinaweza kuuchokoza ukuta. Kwa baadhi ya watu chumba cha juu huanza kutetemeka badala ya kukamua, mapigo yanakuja ovyo, damu inatuama pembeni, na ikituama yaweza kuganda. Bonge likichomoka, linaweza kwenda kichwani. Nilikuwa najua haya yote, kwa mpangilio huu, kabla mke wangu hajarudi nyumbani.

Kwetu huku mlimani mwanamke akijifungua hatoki. Mama wa mume ndiye anayemlea, ndani, kwa miezi mitatu. Hachoti maji, hakati majani ya ng'ombe, hainami hata kufagia. Anakula mtori wa ndizi na nyama, anakunywa mlaso, ile damu inayopikwa na maziwa na siagi, na anategemewa atoke akiwa amenawiri. Akitoka amekonda, aibu ni ya mume. Mama yangu alimlea mke wangu hivyo kwa kila mtoto wetu, na hakuna mtu aliyewahi kumkosoa. Basi mke wangu aliporudi kutoka Dar mama hakuuliza ushauri. Alifunga khanga yake ya pili kiunoni, akaingia jikoni, akaanza kumenya ndizi.

"Mama, hajazaa," nilimwambia.

"Ametoka hospitali na kitu kipya mwilini," alisema bila kuinua macho. "Huyo ni mzazi."

Wiki za mwanzo maneno ya mama na ya madaktari yalikwenda pamoja. Walikuwa wamemkataza kubeba vitu vizito na kujikaza, na walimpa dawa mbili za kuzuia damu isigande kwenye kile kifuniko kabla ngozi ya moyo haijakifunika. Mama alikuwa anamzuia hata kuinua sufuria. Nilikwenda kazini asubuhi na moyo mweupe.

Kisha tukaenda kliniki ya marudio hapa Moshi. Daktari alikuwa kijana, mpole, wa kutusalimia shikamoo wote wawili kabla hajakaa. Alimpima kwa mashine ya picha, akaridhika kwamba kifuniko kiko mahali pake na damu haivuji. Akamwambia sasa aanze kurudi kwenye kazi zake taratibu. Nilimuuliza juu ya chumba cha juu kutetemeka. Akatabasamu.

"Mzee umesoma. Hicho ndicho tunachotaka kuangalia."

Akatupeleka chumba cha pili, kwa dada wa vipimo. Huyo alikuwa mchangamfu. Alimbandika mke wangu vibandiko kifuani, akaunganisha nyaya, na nyaya zikaingia kwenye kisanduku kidogo alichomfunga kiunoni kwa mkanda.

"Mama, hiki kinaandika kila pigo. Kitakaa na wewe leo, utalala nacho, kesho mtaniletea. Usioge tu. Mengine yote fanya kama siku zote. Kama unalima, lima. Kama unabeba, beba. Kama huwa mnagombana na mzee, gombaneni."

"Hatugombani," nilisema.

"Tutaanza leo," mke wangu alimwambia yule dada, wakacheka wao wawili.

Njiani kupanda nyumbani alikuwa na furaha niliyokuwa sijaiona tangu kabla ya Dar. Alizungumzia ng'ombe wake. Alisema nimewalisha mabua mpaka wamekuwa na sura za walevi, na leo watakula majani mabichi. Tulipofika hakukaa. Alivaa mabuti, akachukua mundu na kamba, akatoka nyuma ya nyumba. Mama alikuwa anakuja na bakuli.

"Unakwenda wapi na mawaya hayo?"

"Majani, mama. Wamesema nifanye kazi."

"Nani kasema?"

Mke wangu akanigeukia. "Baba, mwambie mama alivyosema yule dada."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nakumbuka nilichokiona kabla sijasema. Niliona njia inayoshuka migombani, jinsi ilivyo na mteremko, nikamwona akiipanda na mzigo kichwani, na nikaona karatasi ya majibu ya kesho ikiwa na mistari iliyovurugika.

"Pumzika leo," nilimwambia. "Kesho tukikirudisha kifaa, ndipo uanze."

"Lakini kesho kifaa hakitakuwepo."

"Ndiyo maana," nilisema, na sikumalizia.

Alinitazama kidogo. Akauegemeza mundu ukutani, akavua mabuti. Siku ile yote alikaa kitandani amenyoosha miguu, mto mgongoni, akila mtori. Wanawake wa jirani walikuja mmoja mmoja. Walitaka kugusa kisanduku. Mmoja aliuliza kama kinasikia wakisengenya, na mke wangu akamwambia asogee karibu aongee vizuri kirekodi. Alicheka nao. Mimi nilikuwa uani nikijishughulisha na banda ambalo halikuwa na kasoro.

Sijawahi kumrudishia mteja mota ambayo haijafanya kazi. Mota ya mashine ya kusaga inaweza kuzunguka mezani peke yake, kimya kabisa, na waya wake ndani unaungua. Ukiifunga kwenye mashine na kutia mahindi ndipo inalalamika. Wateja wananichukia kwa sababu hiyo, maana nawaambia walete na mashine yenyewe au nikaijaribie kwao. Kuna wakati nimepanda mpaka Sanya Juu kwa ajili ya mota moja. Na mke wangu nilimpima amekaa kitandani. Sikusahau. Ningekuwa nimesahau ningekuwa na la kusema. Tulikuwa tumechoka na habari za hospitali, nilitaka karatasi safi, na nilijua namna ya kuipata.

Kesho yake dada wa vipimo alimfungua nyaya huku akizungumza naye.

"Haya mama, jana ulifanya nini na nini?"

Nilijibu mimi. "Shughuli zake za nyumbani."

Mke wangu aliinama akafunga vifungo vya blauzi. Hakunikosoa mbele ya mgeni. Nilijua hatanikosoa.

Majibu yalikuwa mazuri. Daktari alisema mapigo yako sawa mchana na usiku, hakuna lolote la kutia shaka, na dawa zitasimama muda wake ukifika. Mke wangu alimshukuru Mungu palepale kwenye kiti, kwa sauti, mpaka daktari akasema amina. Nyumbani mama alipoambiwa alipiga kofi moja la furaha.

"Mmeona? Ni mtori."

Kanisani tulitoa shukrani. Mchungaji alinitaja mimi, alisema wanaume wajifunze kuwatunza wake zao. Watu walinipa mkono. Niliupokea kila mkono.

Basi mke wangu alitoka. Alirudi kwenye majani, kwenye ng'ombe, kwenye kubeba ndoo za maziwa mpaka barabarani yanapochukuliwa kwenda kwa wateja wake wa mtaa wa Soweto, mjini. Dawa zilisimamishwa wakati wake. Kulikuwa na jambo moja. Akipanda na mzigo wa majani, alikuwa anautua nusu ya njia, kwenye gogo, na kukaa. Zamani alikuwa anakaa kwa sababu ya pumzi. Sasa pumzi ilikuwa nzuri na bado alikaa. Nilimuuliza mara moja.

"Uchovu tu. Umenilaza muda mrefu, miguu imesahau."

Nikakubali. Lilikuwa jibu zuri, na nilikuwa nalihitaji.

Siku balaa lilipotokea ilikuwa asubuhi ya kawaida. Nilikuwa najiandaa kushuka kazini, yeye yuko bandani anakamua. Nikasikia ndoo inaanguka. Ng'ombe wetu mmoja ni mkorofi, nikadhani amepiga teke. Kisha nikamsikia akiniita, na jina aliloliita halikuwa jina. Lilikuwa kama mtu anayesema na ndizi ya moto mdomoni. Nilimkuta amekaa kwenye maziwa. Mkono wa kulia ulikuwa umelegea pajani, na upande mmoja wa mdomo ulikuwa umeshuka. Alikuwa ananitazama, anaelewa kila kitu, na hawezi kuniambia.

Jirani alitoa gari. Kabla hatujafika kwenye lami vidole vilianza kukunjika. Tulipofika mjini alikuwa anasema vizuri, na la kwanza alilosema ni hili:

"Umenileta mjini na mabuti ya bandani."

"Nyamaza usichoke."

"Nanuka ng'ombe, baba. Watadhani nyumbani hatuna maji."

Walimpiga picha ya kichwa. Walituambia ni kiharusi cha kupita, kimegusa kikaondoka, na kwamba kinachopita leo kinaweza kurudi kikakaa. Walipima mapigo palepale. Yalikuwa sawa, yamepangika kama mpunga kwenye mistari. Mchana daktari wetu yule kijana alikuja. Alitupa shikamoo, akavuta kiti, akafungua majibu yetu ya nyuma.

"Kile kipimo cha kwanza kilikuwa safi," alisema. "Hicho ndicho kinachonichanganya. Mama, siku ile ulikuwa kwenye kazi zako za kawaida?"

Mke wangu alinitazama. Mara hii hakuinama.

"Hapana, daktari," nilisema. "Alikuwa amelala. Mimi ndiye niliyemlaza."

"Alikuwa mgonjwa?"

"Alikuwa mzima. Alikwishavaa mabuti. Nilimvua."

Daktari alinigeukia. "Lakini mzee, wewe si ndiye uliyeniuliza habari za chumba cha juu kutetemeka?"

"Ni mimi."

Hakuendelea. Ni mtu aliyelelewa asimkemee mwenye umri wa baba yake, na pale nilitamani angekuwa amelelewa vibaya. Akaandika kidogo, kisha akasema kwa upole kwamba hata angekuwa amefanya kazi siku ile, kipimo cha siku moja kinaweza kukosa kitu kinachokuja na kuondoka. Ni kweli. Nimelisoma na hilo. Halinisaidii, maana sikukipa kipimo nafasi ya kukosa wala ya kupata.

Alipotoka nilimuuliza mke wangu kama alikuwa amewahi kuhisi chochote.

"Tangu wiki ya kwanza ya majani," alisema. "Nikipanda, kinaanza kurukaruka humu, kama kuku kwenye gunia. Nikikaa kwenye gogo kinatulia."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Karatasi ilisema ni mzima. Nilidhani ni woga wangu."

Niliangalia dirishani. Maneno hayo aliyasema bila uchungu wowote, kama anayeeleza alipoweka chumvi. Miezi yote ile alikuwa anaambiwa kweli na moyo wake, na hakuuamini kwa sababu ya karatasi niliyoitengeneza mimi.

Walimfunga kifaa kingine, cha kukaa siku kadhaa, chenye kitufe cha kubonyeza akihisi kitu. Kwa kuwa hatari ya damu kuganda ilikuwa imekwisha kuonekana, walimwanzishia dawa, na wakamruhusu kurudi nyumbani na kufanya kazi zake bila kujipa mizigo ya ajabu. Nyumbani mama alikuwa amekwisha kutandika kitanda.

"Hapana, mama," nilisema. "Anakwenda bandani."

"Juzi ameanguka! Unataka kumuua?"

"Mama, niache nionekane na hiki kifaa," mke wangu alimwambia, akapita na ndoo.

Nilikuwa nimefunga karakana siku zile. Nilimfuata migombani, nyuma kidogo, nikijifanya naangalia migomba iliyolala. Alisimama.

"Usinifuate kama mbwa."

"Niko mbali."

"Basi kuwa mbali zaidi. Siwezi kufanya kazi ya kawaida na mtu anayenitazama kama jeneza."

Nikarudi. Nilikaa uani na kusikiliza mundu. Ulipokuwa unakata nilitulia, na ulipokuwa unanyamaza nilisimama. Sikuwahi kujua jinsi mtu anavyonyamaza mara nyingi anapokata majani: anafunga, anahama, anafuta jasho. Alipopanda na mzigo nilimwona kati ya migomba, akaufikia ule mteremko, akautua kwenye gogo, akakaa. Mkono ukaenda kiunoni. Akabonyeza. Nilibaki nilipo. Ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizofanya kwa ajili yake, na ndiyo niliyoikimbia mara ya kwanza.

Tuliporudi kwa daktari aligeuza kioo cha kompyuta tukaona wote. Mistari ilikuja imepangika, pigo, nafasi, pigo, nafasi. Halafu ikaja sehemu isiyo na mpangilio, mapigo mawili yamebanana, moja liko mbali, manne yanakimbizana, na chini kati yake mstari unatetemeka. Baadaye ikarudi kupangika. Mke wangu alisogea mbele akaweka kidole.

"Hapa ni kwenye gogo. Si ndiyo? Hapa nilibonyeza."

"Ndiyo mama. Umebonyeza hapo hapo."

"Kumbe ni kweli," alisema. Akanigeukia akiwa amefurahi kabisa, kama mtu aliyeletewa shahidi wake. "Baba, ona. Ni kweli."

Daktari alieleza dawa za kutumia kwa muda mrefu, moja ya kutuliza mwendo na moja ya kuzuia damu kuganda, na kwamba damu itapimwa mara kwa mara ili hiyo ya pili isizidi. Mapigo yakikataa kutulia kuna njia nyingine, itabidi kwenda Dar tena. Mke wangu alisikiliza kwa makini na kuuliza maswali mazuri. Mimi sikuuliza.

Nje tulikaa kwenye benchi kusubiri dirisha la dawa. Furaha yake ilikuwa inashuka, nikaiona ikishuka.

"Siku ile ya mabuti," alisema. "Ulikuwa unajua nini?"

"Nilijua kifaa kinatakiwa kikuone ukifanya kazi."

"Hilo hata mimi nilijua, nilikuwepo. Nauliza, ulijua kinaweza kuona nini?"

"Hiki tulichokiona leo. Nilihofu kitakuwepo."

Alifikiri. "Kwa hiyo uliogopa karatasi."

"Ndiyo."

"Mimi hukuniogopea."

Nilitaka kumwambia ni hofu ile ile. Nikaigeuza kichwani mwangu kila upande, kama ninavyofanya na mchoro, na haikukaa. Anayemhofia mtu hutaka kujua.

Hatukugombana. Ingekuwa afadhali. Aliongea nami wiki nyingi kwa adabu kamili, kama anavyoongea na mwenye duka. Nikimuuliza anajisikiaje alisema, "Nipo." Nikimuuliza mapigo yakoje alisema, "Subiri mashine ikwambie." Alikunywa dawa zake kwa wakati, akaenda kupima damu mwenyewe, akarudi na majibu na kuyaweka mezani bila neno.

Wakati huo huo sifa zangu zilikuwa zinaongezeka. Mama aliwasimulia watu kwamba mwanawe ndiye aliyemwahisha hospitali, dakika chache tu mambo yangeharibika. Jioni moja kwenye jumuiya, nyumbani kwa yule mama wa kuitia ng'ombe, waliomba wakimshukuru Mungu kwa mume mwenye macho. Nilisimama. Nilisema kuna jambo nataka kulisema kuhusu hilo. Mke wangu, ambaye alikuwa ameshika Biblia, alisema, "Tuendelee na somo." Wakaendelea. Sijui hadi leo kama alinihurumia au alininyima njia rahisi ya kulitua. Sikumuuliza. Nimekwisha kumjibia mambo mengi mno.

Wakati wa kuchuma kahawa ulikuja. Nilikuwa juu karibu na nyumba naanika, yeye yuko chini kwenye mfongo, ule mfereji wetu wa kumwagilia, anasafisha ndoo. Nikasikia ananiita. Sauti ilikuwa ya kawaida, nikadhani anataka nimshushie kitu.

"Baba! Njoo. Yameanza."

Nilishuka, kahawa mikononi. Alikuwa amekaa kwenye ukingo wa mfongo, miguu ndani ya maji, uso uko sawa, mdomo uko sawa. Kwanza nilimwambia ainue mikono yote miwili na aseme kitu.

"Niseme nini? Umemwaga kahawa njia nzima."

Alisema vizuri. Kisha akaunyoosha mkono wake, na ndipo nikaelewa kwamba ananipa. Nikakaa kando yake nikaushika kifundo. Nina namna yangu ya kuhesabu, nimejifundisha na sikosei. Sikuhesabu. Nilisikiliza. Mawili yamebanana, kimya, moja, matatu mbiombio, kimya tena.

Jirani wa ng'ambo ya mfongo alipita na gunia begani, akasimama.

"Eeh, shemeji! Mchana kweupe, mmeshikana mikono kama wachumba?"

"Ananipima," mke wangu alisema.

"Kamata vizuri huyo asikukimbie."

"Pita na gunia lako."

Akapita akicheka. Mke wangu alikuwa ametazama maji.

"Yametulia?"

"Bado."

Tulikaa. Maji yalikuwa ya baridi, yanatoka juu msituni, na miguu yake ilikuwa imeanza kuwa myeupe kwenye vidole. Nilitamani sana kumwambia kitu kizuri. Chini ya vidole vyangu pigo lilikuja, likakawia, yakaja mawili.

"Na sasa?"

"Bado," nilimwambia, kwa sababu ilikuwa bado.